Bunduki Iliyoitwa Zulu: Uchambuzi wa Kisa cha Silaha ya Kale ya Risasi Moja

Usuli

Kisa hiki kinatoka katika karakana ndogo ya kutengeneza bunduki, katika mji wa wakulima ulioko katikati ya Marekani, ambako mwandishi alikuwa msaidizi wa fundi mkuu. Majina ya watu, mji na mwaka wa tukio yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili familia inayohusika isitambulike. Wahusika wataitwa kwa nafasi zao: mrithi, mama yake na fundi.

Mrithi alikuwa mwanamume wa makamo aliyerithi shamba la upande wa mama yake, na pamoja na shamba hilo alirithi bunduki ya marisau, yaani ile ambayo wengi huiita shotigani, yenye mtutu mmoja. Ilikuwa imekaa kwa miaka mingi juu ya mlango wa ghala la mahindi. Alituletea akiwa na maombi matatu. Alitaka kujua bei yake sokoni. Alitaka pia tuthibitishe simulizi ya familia kwamba babu mmoja wa ukoo aliipata Afrika ya Kusini, katika vita kati ya Waingereza na Wazulu. Ombi la tatu, ambalo ndilo lililokuwa moyoni mwake, lilikuwa tuiandae ili ifyatue risasi moja tu katika mkutano wa ukoo uliopangwa kufanyika shambani majira ya joto.

Ushahidi wa simulizi, kwa maoni yake, ulikuwa wazi, kwa kuwa juu ya kifuniko cha chuma kilichofunga nyuma ya mtutu neno ZULU lilikuwa limegongwa kwa herufi kubwa.

Bunduki yenyewe

Ili msomaji afuate maamuzi yaliyokuja baadaye, ni lazima kwanza aelewe chombo hiki ni kitu gani, kwa sababu si bunduki iliyobuniwa tangu mwanzo kuwa ilivyo.

Katika miaka ya 1850 jeshi la Ufaransa lilitumia bunduki za kushindiliwa kwa mdomo, ndugu wa gobore tunalolijua, zenye mtutu wa kipenyo cha milimita 17.8 na mifereji ya mzunguko ndani yake. Mwaka 1866 Ufaransa ilichagua bunduki mpya, Chassepot, inayopakiwa kwa nyuma, lakini haikuweza kutengenezwa upesi kiasi cha kumtosha kila askari. Ndipo mwaka 1867 ikaamuliwa kwamba bunduki za zamani zikatwe sehemu ya nyuma ya mtutu na kuwekewa kifuniko chenye bawaba kinachofunguka kwa upande. Wafaransa wakakiita tabatière, yaani kikopo cha ugoro, kwa jinsi kinavyofunguka. Silaha hizo zilitolewa hasa kwa vikosi vya akiba, na vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 na 1871 vilipokwisha hazikuwa tena na kazi jeshini.

Mafundi wa Liège, nchini Ubelgiji, waliona biashara pale wengine walipoona chuma chakavu. Walizinunua, wakakwangua mifereji ya ndani hadi mtutu ukawa laini, wakafupisha mbao, na kuzigeuza kuwa bunduki za marisau za geji 12, geji ikiwa kipimo cha upana wa mtutu. Tofauti ya vipimo iliwasaidia: mtutu wa geji 12 una kipenyo cha takriban milimita 18.5, kwa hiyo chuma cha kuondolewa kilikuwa chembamba sana, unene unaokaribia kina cha mifereji yenyewe. Zikauzwa Marekani kwa dola chache, zikiwa zimegongwa jina la Zulu. Jina hilo lilikuwa la kibiashara tu. Mwaka 1879 magazeti ya dunia nzima yalijaa habari za Isandlwana, ambako tarehe 22 Januari jeshi la Wazulu lilivunja kambi ya Waingereza, na kisha habari za kifo cha mwana wa Napoleon wa Tatu, aliyekuwa mtawala wa Ufaransa hadi 1870; kijana huyo aliuawa na Wazulu tarehe 1 Juni alipokuwa akitumikia upande wa Waingereza. Ni mzaha wa historia kwamba bunduki zilizoanza maisha katika viwanda vya kifalme vya Napoleon wa Tatu ziliishia kubeba jina la watu waliomuua mwanawe.

Mfululizo wa matukio

Siku ya kwanza, fundi hakugusa kifuniko. Aliilaza bunduki juu ya meza, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye sanduku la mchanga, akachukua ufito wa mbao na kuuingiza taratibu kwa mdomo hadi ukagota. Akautia alama, akautoa, kisha akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito uliishia karibu sentimita 6 kabla ya kufikia uso wa kifuniko. Chumba cha risasi hakikuwa kitupu, na kwa kuwa ganda lililokwisha kufyatuliwa lingeuacha ufito uingie hadi chini, kilichokuwemo kilikuwa risasi nzima.

Tulipomweleza mrithi, alinyamaza kwa muda, kisha akakiri kwamba wiki iliyotangulia, baada ya kushindwa kufungua kifuniko kwa mkono, alikuwa amekigonga mara kadhaa kwa nyundo ya mpira katika gereji yake, watoto wakimtazama. Nyundo ya bunduki ilikuwa imelala juu ya pini ya kugongea, na pini hiyo ilikuwa imeelekea kwenye fataki, yaani kiwasha baruti, ya risasi iliyokaa humo kwa miongo isiyojulikana.

Kwa siku nne tulitia mafuta ya kupenyeza kutu, matone machache asubuhi na jioni, bila kugonga chochote. Siku ya pili nyundo ililegea. Fundi aliiinua hadi nusu ya mwendo wake na kuweka kipande kinene cha ngozi kati yake na pini. Siku ya nne kifuniko kilifunguka kwa vidole. Ndani mlikuwa na risasi yenye ganda la karatasi lililovimba kwa unyevu, yenye kitako cha shaba kilichogeuka kijani. Haikutoka kwa kuvutwa. Ilisukumwa kutoka upande wa mdomo kwa ufito mpana, polepole, fundi akiwa amesimama kando ya mstari wa mtutu. Polisi wa eneo waliarifiwa na wakaichukua wakaiharibu.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kusoma bunduki ilipoanza, na hapa tulikuta hasara ambayo ilikuwa imekwisha kutokea. Kabla ya kutuletea, mrithi alikuwa amesugua ubavu wa mtambo wa kufyatulia kwa brashi ya waya ili ung'ae. Maandishi ya kiwanda yaliyokuwapo yalibaki kama kivuli. Kwa kuweka taa chini, sambamba na chuma, tuliweza kusoma sehemu ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya kiwanda cha kifalme, lakini jina la mji wa kiwanda halikusomeka kwa taa yoyote.

Upande wa mtutu haukuwa umeguswa, na huko alama zilikuwa nzima. Palikuwa na umbo la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake, ambao ni mhuri wa nyumba ya majaribio ya silaha ya Liège. Mhuri huo uliongezwa taji juu yake mwaka 1893, na huu haukuwa na taji. Kando yake palikuwa na alama ndogo ya mkaguzi: herufi iliyo chini ya nyota. Wakaguzi wa Liège walitumia herufi yenye taji hadi mwaka 1877, na baada ya hapo wakatumia nyota. Kwa hiyo mtutu huu ulipita katika majaribio ya Liège kati ya 1877 na 1893.

Jioni hiyo mrithi alikuja pamoja na mama yake, mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, aliyekulia katika shamba lile. Mwandishi wa kisa hiki ndiye aliyewaeleza matokeo, na aliyaeleza vibaya. Jambo hilo litajadiliwa mbele.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kuihesabu bunduki kuwa imepakiwa hadi ithibitike vinginevyo, hauhitaji utetezi mrefu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukataa ombi la kuifyatua, na huo ulijadiliwa kwa saa nzima kwa sababu mrithi alikuwa na hoja. Alisema kwamba bunduki ilikuwa imefyatuliwa na vizazi vitatu, na kwamba alikuwa tayari kutumia risasi iliyopakiwa baruti nyeusi kidogo. Fundi alimjibu kwa kumwonyesha chuma. Kifuniko cha aina hii hakina komeo la maana. Kinachokizuia kisifunguke ni kipini chepesi chenye springi pamoja na uzito wa nyundo iliyolala juu yake, na katika bunduki hii springi ilikuwa imechoka kiasi kwamba kifuniko kilitikisika. Chumba cha risasi kilikuwa na vishimo vya kutu. Pini ya kugongea ilikuwa imelika, na tundu lake limepanuka, hivyo gesi ingeweza kurudi usoni mwa mfyatuaji.

Palikuwa na sababu nyingine iliyotuhofisha zaidi kuliko hizo. Chumba kilipimwa kikaonekana kuwa cha risasi zenye urefu wa milimita 65, ilhali risasi za geji 12 zinazouzwa madukani siku hizi kwa kawaida ni za milimita 70 na zina baruti isiyo na moshi, ambayo mgunduzi wake, Mfaransa Paul Vieille, aliipata mwaka 1884, wakati chuma cha mtutu huu kilikuwa tayari cha zamani. Risasi ndefu huingia bila kuzuiwa kwa sababu mdomo wake umekunjwa, lakini inapofyatuliwa haupati nafasi ya kukunjuka, na shinikizo hupanda katika mtutu ambao haukujengwa kwa shinikizo hata la kawaida. Bunduki inayokubali kupokea risasi isiyoiweza ni hatari kuliko ile inayoikataa. Tungeiandaa kwa risasi moja ya baruti nyeusi katika mkutano wa ukoo, nani angezuia binamu asiweke ya pili kutoka mfukoni mwake?

Uamuzi wa tatu ulihusu ukarabati. Mrithi alitaka mbao zipakwe vanishi, chuma king'arishwe, na waya wa shaba uliofungwa kwenye shingo ya kitako, mahali ambapo mbao zilikuwa zimewahi kupasuka, uondolewe na mpasuko uzibwe kwa gundi. Pia nyundo ilikuwa imeshikwa kwa skrubu isiyolingana na nyingine: kubwa mno, yenye kichwa cha mraba. Fundi alikuwa na ya kuiweka badala yake, skrubu ya Kifaransa ya zama zile, iliyotolewa katika mtambo mbovu wa bunduki ya jamii hiyohiyo. Baada ya kuiweka mezani kwa siku mbili, aliirudisha kwenye kopo lake. Kazi iliyofanyika ikawa ndogo sana: kutu hai ilifutwa kwa kitambaa na mafuta, chuma kikapakwa nta nyepesi, mbao zikafutwa vumbi. Waya ulibaki, na skrubu ilibaki.

Matokeo

Bei tuliyoikadiria ilimvunja moyo mrithi, kwa kuwa haikufikia hata bei ya bunduki mpya ya kawaida. Bunduki za Zulu ziliingia Marekani kwa wingi na nyingi bado zipo, kwa hiyo uzee peke yake hauzipandishi thamani. Kisheria, sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na tarehe tuliyoisoma kwenye mtutu ilitosha kuiweka upande huo. Msomaji wa Tanzania au Kenya asichukue kanuni hiyo kama yake; kwetu gobore la babu nalo ni silaha mbele ya sheria.

Bunduki haikufyatuliwa. Katika mkutano wa ukoo iliwekwa juu ya meza, kifuniko kikiwa wazi, na kwa taarifa tuliyopata watu waliishika zaidi ya walivyokula.

Kuhusu simulizi ya familia, matokeo yalikuwa mabaya kwa kipindi fulani. Mwandishi alimwambia mama yule, mbele ya mwanawe na mteja mwingine, kwamba bunduki haikuwahi kuiona Afrika, kwamba neno Zulu ni nembo ya muuzaji, na kwamba hakuna anayegonga jina la kabila juu ya silaha ya mtu wa kabila hilo. Yote yalikuwa kweli. Mama aliomba koti lake na hakusema neno lingine siku ile. Kwa miezi mitano hatukusikia chochote kutoka kwake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa ufito wa mbao. Ni kifaa kisicho na gharama, na kila mtu mwenye bunduki ya urithi ukutani angeweza kukitumia, lakini mrithi, ambaye hakuwa mzembe, hakuwahi kukifikiria, kwa sababu kitu kilichokaa juu ya mlango tangu utoto wake kilikuwa kimeacha kuwa silaha machoni pake. Bunduki za kale za risasi moja zina hatari hii zaidi ya nyingine. Umbo lake si la kutisha, mtambo wake mkubwa wa nje unafanana na kitu cha maonyesho, na wepesi wake wa kueleweka humfanya mtu aamini kwamba ameuelewa.

Usomaji wa mihuri nao ulifaa, lakini tukiri kwamba uliokolewa na bahati. Brashi ya waya ilipita upande mmoja tu. Kama mrithi angeendelea kwa dakika kumi zaidi, dirisha la miaka 16 tulilolipata lingekuwa nusu karne ya kukisia.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mrithi aliuliza kwa uchungu alipotajiwa bei: kama si ya Wazulu, haina thamani kubwa, na haifai kufyatuliwa, basi watu wanaozikusanya wanatafuta nini? Jibu la fundi lilianzia kwenye kusudi lake la kwanza. Bunduki ya mitutu miwili ya karne ile ilihitaji fundi aliyeweza kuunganisha mitutu ili ipige mahali pamoja, na mitambo miwili ya kufyatulia. Mkulima maskini hakuwa na fedha hizo, na mwewe anayeshuka kwenye vifaranga au mbweha anayezunguka banda hasubiri risasi ya pili. Mtutu mmoja wa bei ndogo ulitosha. Nyingine za jamii hii zilibuniwa kwa kusudi maalumu zaidi, kama ile ya W. W. Greener wa Birmingham iliyotengenezwa kwa ajili ya polisi wa Misri, ambayo ilipewa risasi ya namna ya pekee ili aliyeiiba asiweze kuitumia kwa risasi za dukani. Ile ilifikiriwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na akili moja. Zulu haikufikiriwa na mtu yeyote. Ilitokea kwa sababu kila mmoja, kutoka waziri wa vita hadi mchuuzi, alikataa kutupa kitu, na kwa maoni ya mwandishi hilo ndilo linaloifanya ipendeze kuliko silaha nyingi nzuri: kwenye chuma kilekile unasoma maneno ya dola ya Napoleon wa Tatu, pengo lililokatwa kwa haraka ya mwaka 1867, mhuri wa Liège, na waya wa mkulima.

Hata jina lake la uongo lina mafunzo yake, hasa kwa msomaji wa pwani yetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia, pamoja na mengine, kuingiza Afrika bunduki za kisasa, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, na kuruhusu zile za gumegume zisizo na mifereji. Kwa maneno mengine, mkulima wa Marekani alipokuwa akinunua kwa dola chache bunduki ya kupakiwa kwa nyuma iliyopewa jina la Waafrika, bunduki hiyohiyo kwa mujibu wa mkataba ingezuiwa katika bandari za Mombasa na Bagamoyo. Hapa ndipo gobore lilipodumu, kwa amri ya wengine, muda mrefu baada ya wakati wake kupita.

Kilichoshindikana ni mazungumzo na mama, na kosa ni la mwandishi peke yake. Tulikuwa na mihuri ya Ubelgiji na maandishi ya Ufaransa, tukajiona tumemaliza kuisoma bunduki, ilhali sehemu yote ya Marekani, yaani miaka zaidi ya mia moja, haikuwa na mhuri wowote. Ilikuwa kichwani mwa mwanamke aliyeketi mbele yetu. Badala ya kuanza kwa kumwuliza alichokiona utotoni, tukaanza kwa kumwondolea alichokisikia. Simulizi kuhusu Wazulu haikuwa kweli, lakini ilikuwa mlango, na aliyeugonga kwa kishindo hakufunguliwa. Lingekuwa jambo rahisi kueleza kwanza jinsi jina lile lilivyozaliwa, ambalo ni simulizi tamu kuliko ile ya familia, na kumwacha afikie hitimisho kwa mwendo wake.

Katika mwezi wa sita tangu siku ile mrithi alirudi kuchukua hati ya maelezo tuliyoiandika, akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mama yake. Alikuwa ameandika kwamba risasi ya mwisho iliwekwa na baba yake katika majira ya baridi ambayo mbwa wa shamba waliugua kichaa, na kwamba yeye, akiwa msichana, aliambiwa asiwahi kuigusa. Ndiyo maana hakuna aliyeitoa. Waya wa shaba ulifungwa na kaka yake baada ya kuiangusha kutoka kwenye gari la kukokotwa na farasi. Nayo skrubu yenye kichwa cha mraba ilitolewa kwenye mashine ya kupandia mahindi iliyokuwa imeharibika, na alitaja hata mahali mashine hiyo ilipolala, nyuma ya ghala, chini ya mti wa tufaha. Mrithi alikwenda kuitazama. Palikuwa na tundu moja tupu, na skrubu ya bunduki ililingana nalo.